Mdogo wetu yuko tayari kumpa kaka figo, ukoo unasema ni najisi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga mjini, Ngamiani. Tuko wanne, baba mmoja mama mmoja. Baba ametangulia mbele ya haki. Kaka yetu mkubwa ni seremala, ana miaka 41, mke na watoto watatu. Presha ilimwanza zamani, akawa anameza dawa akijisikia vibaya tu, akipata nafuu anaacha. Mwaka jana miguu ilivimba na uso ukaumuka, tukaambiwa figo zote mbili zimekwisha kazi. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara analazwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Akirudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Ameshaongezewa damu zaidi ya mara moja. Maji anapimiwa kwa kikombe cha kahawa, na mwanawe wa miaka sita ndiye anayemhesabia vikombe. Madafu amekatazwa kabisa, na huku kwetu muuza madafu hupita na baiskeli kila alasiri. Kaka akisikia kengele anageukia ukutani.

Daktari amesema tutafute ndugu wa kumchangia figo. Mimi wa pili nina sukari, nimeambiwa nisahau. Wa tatu kundi lake ni B, na kaka ni O. Amebaki kitindamimba wetu, miaka 29, yuko Dar, fundi wa majokofu na viyoyozi. Yeye ni O.

Shangazi, huyu mdogo wetu anapenda wanaume. Aliniambia mwenyewe, mimi peke yangu, na nilikaa nalo moyoni. Baadaye ikajulikana. Ami yetu akaja na wazee, nguo zake zikatolewa zikawekwa barazani, zimefungwa kwenye shuka. Tangu siku hiyo hajalala nyumbani. Tulipomzika baba alisimama nyuma kabisa makaburini, na jioni ile ile akapanda basi Kange kurudi Dar.

Nilipompigia kumweleza hali ya kaka hakuuliza maswali mengi. Baada ya siku chache akanitumia picha ya karatasi ya maabara kwa WhatsApp: kundi O, VVU hana. Chini yake kaandika, "Dada, waambie niko tayari."

Nilipowaambia, nyumba ikawaka. Ami kasema figo ya mtu yule ni najisi, tutamtia kaka uchafu mwilini. Mwanawe akaongeza kwamba amesoma mtandaoni hata Marekani wamewakataza watu wa aina hiyo kutoa viungo. Kaka mwenyewe kasema bora afe na zake, lakini mkewe ananipigia usiku analia. Mama anataka mwanawe apone, ila anasema mdogo wetu akija afikie gesti, asilale nyumbani, majirani watasema. Na yule wa tatu ana hofu nyingine: wakimhoji hospitali akasema ukweli, si wataitiwa polisi? Na asiposema, kumbe ana ugonjwa, si tutakuwa tumemuua kaka kwa mikono yetu?

Figo yake inafaa au haifai? Aseme nini kwa daktari? Nifanye nini na watu hawa?

Dada wa katikati, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyumbani.

Figo yake inaweza kufaa. Kupenda kwake wanaume hakuigusi figo, wala hakumwondolei nafasi ya kumchangia kaka yake. Vitakavyoweza kumwondoa ni vile vile vilivyokuondoa wewe na nduguyo: sukari, presha, kundi la damu, tishu zisizolingana, protini kwenye mkojo, maambukizi. Hayo yote yana vipimo. Ngamiani hakuna mtu wa kuyajua kwa kuangalia, hata awe mzee wa ukoo.

Lakini hofu ya yule wa tatu ina msingi, na nitaijibu kwa kirefu.

Mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili maisha yake yote, ili mwili usiifukuze figo ngeni. Sasa fikiria figo hiyo ije na virusi, VVU au homa ya ini B au C, ikute mwili ambao ulinzi wake umepunguzwa makusudi. Ndiyo maana madaktari wanamchunguza mtoaji kwa makini. Tatizo ni kwamba virusi vikiingia leo, kipimo hakivioni leo. Kile cha kawaida kinachotafuta askari wa mwili kinaweza kuchukua wiki tatu mpaka miezi mitatu kabla ya kusema ndiyo. Kinachotafuta virusi vyenyewe, PCR, huviona mapema zaidi, kati ya siku 10 na 33 hivi. Katikati hapo mtu anaweza kushika karatasi iliyoandikwa hana, naye anavyo.

Hili limewahi kutokea. Mwaka 2009, katika hospitali moja ya jiji la New York, mwanamume alimchangia mgonjwa figo. Alikuwa amepimwa VVU siku 79 kabla ya upasuaji, akakutwa hana. Katika siku hizo 79 alikutana kimwili na mwanamume bila kinga, akaambukizwa, na hakuna aliyempima tena kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji. Mgonjwa akapata figo pamoja na VVU. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2011 ilitoa pendekezo la kupima: mchangiaji aliye hai arudiwe vipimo ndani ya siku 7 kabla ya upasuaji, kwa kipimo cha kawaida na kile cha virusi vyenyewe, na aelezwe mapema aepuke kujihatarisha katika kipindi chote cha kungoja.

Sikukuficha kwamba yule mtoaji alikuwa amelala na mwanamume. Maambukizi ya VVU miongoni mwa wanaume wanaolala na wanaume ni makubwa kuliko kwa watu wengine katika nchi nyingi, na kusema vinginevyo ni kukudanganya. Lakini angekuwa mume wa mtu aliyepita kwa mchepuko wiki ya pili kabla ya upasuaji, mambo yangekuwa yale yale. Na waume wa namna hiyo tunao, Tanga na kwingineko, wala hakuna anayewaambia figo zao ni najisi.

Karatasi aliyokutumia kwa WhatsApp ni mwanzo mzuri, inaonyesha nia, ila haitoshi. Vipimo vitarudiwa hospitali na vitarudiwa tena karibu na siku yenyewe. Kuanzia sasa mpaka apone, ama ajizuie kabisa, ama asikose kondomu. Mwambie hivyo hivyo, wewe dada yake. Msione haya ninyi wawili, yameshakuwa makubwa kuliko haya.

Mtoto wa ami yenu kasoma nusu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1994 ulisema kweli kwamba mwanamume aliyelala na mwanamume ndani ya miaka 5 asichukuliwe viungo, isipokuwa mgonjwa yuko katika hatari kubwa zaidi akikosa. Mwaka 2013 miaka 5 ikawa miezi 12. Mwaka 2020 ikashuka ikawa siku 30, na hata ndani ya siku hizo hakuna katazo: mgonjwa anaelezwa, anaridhia mwenyewe, na baada ya kupandikizwa anafuatiliwa kwa vipimo. Uingereza hawakatazi, na tangu 2021 hata kwenye kuchangia damu wanamuuliza kila mtu maswali yale yale kuhusu mwenendo wake wa karibuni, awe nani. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tangu 2008 wagonjwa wenye VVU wamekuwa wakipandikizwa figo za marehemu waliokuwa na VVU pia, na watu wakaishi.

Katazo la jumla nalo lina maumivu yake. Mwaka 2013, jimbo la Iowa, alifariki kijana wa miaka 16 ambaye alikuwa amejiandikisha kutoa viungo. Moyo wake na viungo vingine vya ndani vilipokelewa. Macho yalikataliwa, kwa sababu kanuni za tishu za Marekani zilikuwa bado na ile miaka 5, na mama yake alipoulizwa kama mwanawe aliwahi kulala na mwanamume hakuwa na la kujibu. Mtu aliyengoja konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ili aone akaikosa, na mama akabaki na swali lile juu ya msiba. Mimi nasimama na wale wanaouliza umefanya nini karibuni, wakapima, wakapima tena. Kumkataa mtu mzima mzima kwa jinsi alivyo hakumlindi mgonjwa kama anavyolindwa na kipimo cha wiki ya mwisho.

Sasa aseme nini hospitali.

Sheria yetu unaijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, mpaka maisha. Kwa hiyo siwezi kukwambia aingie hospitali akatangaze, na hofu ya nduguyo siichukulii kuwa ni ya kitoto. Daktari na muuguzi wana kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda majibu ya VVU ya mtu yeyote. Lakini kila mhudumu ana kifua chake, na mimi siwezi kukuapia kwa niaba yao.

Kinachomsaidia ni kujua daktari anataka kujua nini. Daktari wa upandikizaji anatafuta hatari ya maambukizi. Anahitaji kujua kama katika miezi ya karibuni mchangiaji amefanya ngono bila kinga, lini mara ya mwisho, kama amewahi kuchomwa sindano isiyo salama, kama ametibiwa kaswende au kisonono. Hayo ayajibu kwa ukweli mtupu, tarehe zikiwa sahihi. Jina la mwenzake hahitaji kulitaja, wala hahitaji kujieleza yeye ni nani katika maisha. Akiona swali linakaribia pasipomfaa, anaweza kusema, "Daktari, nihesabu kuwa nimejihatarisha, nipime kila kitu, na PCR, na nirudie wiki ya mwisho." Sentensi hiyo inamlinda kaka yake vizuri, na yeye haimweki mahali pabaya. Aombe kuhojiwa peke yake. Wewe, Ami na mama mbaki nje kwenye benchi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kama anameza PrEP, zile dawa za kujikinga na VVU, amwambie daktari, asiache kwa siri wala asifiche. Tenofovir iliyomo ndani yake yaweza kuzigusa figo kwa baadhi ya watu, na dawa hizo zinaweza pia kuchelewesha kipimo kuonyesha maambukizi. Daktari akijua atapanga. Asipojua atasoma majibu vibaya.

Kuhusu najisi nitasema kwa adabu, maana Ami yako ni mkubwa na mimi si mwanazuoni. Waliobobea wameshalikalia suala hili. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kiungo kutolewa kwa mtu aliye hai na kupewa mgonjwa, kwa masharti: mtoaji asipate dhara linalovuruga maisha yake, atoe kwa hiari, kisiuzwe, na iwe ndiyo tiba inayohitajika. Masharti hayo yanamtazama mtoaji kwa upande wa dhara na ridhaa. Nenda kwa sheikh unayemwamini, muulize juu ya kutoa figo kwa ndugu, na jina la mdogo wako usilitaje. Kisha muulize Ami, kwa upole, swali moja. Kaka ameongezewa damu. Ilipoletwa ile chupa, nani alisimama mlangoni akauliza aliyeitoa ni nani, analala na nani, anaswali au haswali? Iliingia mwilini mwa kaka, ikampa nguvu ya siku ile, na wote mkashukuru.

Nimefika kwenye linalonikereketa, mwanangu, na nitalisema hata kama litakuuma.

Barua yako nzima inauliza kama figo ya kijana huyu inafaa. Hakuna aliyeuliza kama yeye yuko salama, au kama anatoa kwa moyo au anatoa ili arudishiwe nyumba. Kijana aliyetolewa nguo zake barazani, aliyesimama nyuma kwenye mazishi ya baba yake, anaweza kuona figo kuwa ndiyo nauli ya kurudi kwenu. Na hiyo ni bei ambayo hakuna mtoto anayepaswa kutozwa. Mkiikubali figo na kumweka yeye gesti, mtakuwa mmeamua kuchukua kilicho ndani yake na kumwacha nje, na yeye atalijua hilo akiwa kitandani na mshono ubavuni.

Kwa hiyo mfuate Dar. Usipige simu, nenda. Mwambie mambo matatu kabla hajasema lolote: kwamba wewe ni dada yake atoe asitoe, kwamba anaweza kubadili nia hata asubuhi ya upasuaji, na kwamba akibadili hakuna atakayejua sababu. Hilo la mwisho si maneno yangu ya kumfariji. Madaktari wa upandikizaji wana desturi hiyo katika nchi nyingi: mchangiaji akisema faraghani hataki, familia inaambiwa tu kwamba hafai kwa sababu za kitabibu, basi. Kisha umsikilize. Akicheka, akikasirika, akinyamaza, umsikilize.

Na mjue anachokitoa. Kwa mtu mwenye afya figo moja inatosha, ile inayobaki huongeza kazi ikafidia sehemu kubwa ya nyingine. Hata hivyo ni upasuaji, una maumivu na una hatari, ndogo lakini ipo, na baada yake atapimwa presha na mkojo kila mwaka maisha yake yote. Yeye ni fundi wa majokofu. Kwa wiki nne mpaka sita hatanyanyua friji wala kupanda ngazi na kiyoyozi begani. Kodi yake ya Dar italipwa na nani? Kununua figo ni haramu na ni kosa, ila kumlipia nauli, chakula na kodi ya miezi asiyofanya kazi si kununua, ni wajibu. Kaeni na shemeji yako mpige hesabu hiyo kabla ya vipimo, si baada. Mshukuru pia kwamba siku hizi safari ni ya ndani ya nchi, Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018. Kabla ya hapo mngekuwa mnachangishana nauli ya India, mgonjwa na mchangiaji wote wawili.

Na hizo wiki za kupona, alale nyumbani kwa mama yake. Atahitaji wa kumpikia na kumwinulia ndoo. Mama anaogopa majirani, naelewa, ameishi nao muda mrefu na macho yao ni makali. Majirani wataambiwa kwamba kijana amekuja kupona baada ya kumchangia kaka yake, na huo ndio ukweli. Kama mama hatoweza kabisa, mchukue kwako, na usimwambie kwamba mama alikataa.

Anabaki kaka. Yeye ndiye mwenye mwili, na ana haki ya kukataa figo ya yeyote, hata ya malaika. Msimlazimishe, wala mkewe asimlazimishe kwa machozi. Ila sina hakika kama anaikataa figo au anamwonea haya mdogo wake, maana siku ile ya barazani naye alikuwepo, au hakuwepo na hakuuliza. Mgonjwa wa mashine huchoka mpaka maneno, "bora nife" ya jioni baada ya kusafishwa damu usiipokee kama jibu la mwisho. Mngojee siku ya mapumziko, asubuhi, akiwa ametulia. Mpe simu mkononi. Kama hataki, amwambie mdogo wake mwenyewe kwa sauti yake, asipitishie kwako wala kwa Ami. Na kama hakuna la kusema zaidi ya salamu, basi aanze na salamu, maana kwa unavyoniandikia hata hiyo hawajapeana tangu mazishi.

Akikataa baada ya hapo, rudini kwa daktari mkiwa na watoto wa ami na wa shangazi, wote walio O na wenye afya, nao wapimwe.

Shangazi